Vichanga wa kambale wanakufa? Hesabu siku kwanza ndo uulize dawa

Simu ninazopigiwa zaidi ni za namna hii, tena nyingi zinakuja alfajiri: "Kaka samahani, vichanga wa kambale wanakufa, niweke dawa gani?" Na mimi swali langu ni lilelile miaka yote, wana siku ngapi tangu watoke kwenye yai? Wengine wanaona kama nawazungusha, lakini hapo ndo penyewe, kwa sababu kichanga wa siku ya pili, wa siku ya tano na wa siku ya kumi na mbili hawafi kwa kitu kimoja, na kwa nilivyoona mimi wiki ya kwanza ugonjwa ni mara chache sana, mara nyingi ni njaa, ni maji au ni hewa. Ukikimbilia dawa unamalizia waliobaki.

Nazungumzia kambale huyu wetu, Clarias gariepinus, ambaye huku kanda ya ziwa vifaranga wake wana soko mara mbili, mfugaji wa bwawa anawataka na mvuvi wa sangara anayetega ndoano naye anawataka kwa ajili ya chambo. Nikisema kichanga namaanisha yule aliyetoka kwenye yai juzijuzi, milimita 5 hadi 7, mwembamba kama uzi wa kushonea, bado hajawa kifaranga wa kuhesabu na kuuza. Waliozoea sato wanisikilize vizuri hapa maana wao ndo wanaopata hasara kubwa: sato mama analea mayai mdomoni na mtoto akishaanza kuogelea anakula unga laini bila shida, sasa mtu anahamia kambale na akili ileile ya sato, anamwaga unga, siku ya sita wote wamekufa, tanki jeupe.

Kalenda ya kubandika ukutani, kwa maji ya nyuzi joto 28: yai linaanguliwa kama saa 24 baada ya kurutubishwa, halafu siku mbili kwenda tatu kichanga anaishi kwa kiini alichozaliwa nacho tumboni, siku ya tatu anaanza kutafuta chakula, tumbo la kusaga vizuri linakuja kukamilika kama siku nne au tano baada ya hapo, na kile kiungo cha kuvuta hewa ya juu kinakuja wiki ya pili kwenda ya tatu. Maji yakiwa ya baridi kila kitu kinachelewa, kwenye nyuzi 20 yai lenyewe linakaa zaidi ya saa 50. Kwa hiyo kama huna kipimajoto hata siku huwezi kuzihesabu, kanunue kwanza ndo turudi kwenye mazungumzo.

"Wamejazana kwenye kona, wamelala chini, hawaogelei"

Siku ya kwanza na ya pili? Waache. Hawapendi mwanga, wanakimbilia sehemu yenye giza na kurundikana huko, wana kiini hawana haja ya kutembea. Funika tanki kwa turubai jeusi au magunia wataacha kurundikana sana. Kitu kimoja tu cha kuangalia ni kwamba kwenye lile rundo hewa inaisha haraka, kwa hiyo jiwe la hewa, lile linalotoa mapovu ya pampu, lisogeze karibu na hiyo kona, ila lisipulize kwa nguvu mpaka wanarushwarushwa. Watu wengi hapa wanaanza kumwaga chakula "labda wana njaa", hawana mdomo wa kula bado, chakula kinaoza na hapo sasa ndo unatengeneza tatizo ambalo halikuwepo.

"Maji yananuka na ni siku ya pili tu"

Hayo ni maganda na mayai mabovu. Yai lisilorutubishwa linageuka jeupe, linaota ukungu kama pamba, na ule ukungu unatambaa mpaka kwenye mayai mazima jirani. Ndo maana tunatandaza mayai kwenye wavu, kichanga akitoka anadondoka chini na takataka zinabaki juu, ukiona wameshashuka utoe wavu siku hiyohiyo na polepole, sio ukae nao mpaka kesho. Kilichobaki chini unakivuta kwa mpira mwembamba, ule wa dripu unafaa sana, chini ya mpira weka ndoo nyeupe uwaone utakaowavuta kwa bahati mbaya uwarudishe.

"Wengi mikia imepinda"

Rudi kwa mama. Mayai yalikamuliwa yakiwa bado au yalichelewa kukamuliwa, au maji yalipanda joto ghafla wakati wa kuatamia. Wachache hutakosa kwenye kila kundi, ila wakiwa karibu nusu hamna cha kutibu, usipoteze artemia yako, kile chakula hai cha vichanga, kwa hao, mwaga uanze upya na safari ijayo uandike saa uliyomchoma mama sindano ya homoni ya kuachia mayai na saa uliyomkamua.

"Mpaka siku ya nne walikuwa wazima, siku ya tano wanaelea tu, vichwa vikubwa miili imekauka"

Njaa hiyo. Na ninayemwambia hivyo karibu kila mara ananijibu "mbona nawalisha?" Unawalisha ndiyo, wao hawali, au wanakula kisichosagika.

Fanya hivi kabla hujabisha. Chota vichanga kama ishirini, weka kwenye kisosi cheupe na maji kidogo, washa tochi ya simu kwa pembeni sio kwa juu, uangalie tumbo moja moja. Aliyekula artemia ana tumbo la mviringo lenye rangi ya chungwa, linaonekana waziwazi kupitia ngozi kama amemeza ushanga. Asiyekula utaona mstari mweupe tu, tumbo limeshikana na mgongo, na kichwa kinaonekana kikubwa kuliko kilivyo. Wakiwa kumi na nane kati ya ishirini wana rangi uko vizuri. Wakiwa kumi, kuna chakula hakifiki au hakitoshi. Wakiwa watatu hao wengine wanakwenda, na kichanga aliyemaliza kiini akakaa siku mbili hivi hajala anafika mahali hata ukimwekea chakula mdomoni hana nguvu ya kukamata.

Sasa walishwe nini. Siku tano za kwanza za kula chakula kiwe hai. Tumbo lake halijawa tumbo, ni kama mrija, halijaanza kutoa asidi, kwa hiyo unga mkavu peke yake unapita tu. Kiini cha yai la kuchemsha ndo ushauri unaotembea sana mtaani na sitasema hakiwezi kusaidia kabisa, nimewahi kukitumia artemia ilipoisha, ila kinayafanya maji kuwa maziwa ndani ya saa moja na amonia, ile sumu ya uozo, inapanda usiku huohuo, labda uwe na maji mengi ya kubadilisha. Vumbi la dagaa lililotwangwa nyumbani usijaribu, chembe zake ni kubwa kuliko mdomo, mafuta yanaelea juu na kilichobaki kinaoza chini.

Chaguo la kwanza ni artemia, vile vikamba vidogo vya maji ya chumvi ambavyo mayai yake yanauzwa makavu kwenye makopo, mengi yanatoka Great Salt Lake huko Utah, Marekani. Ni ghali, ndiyo. La pili ni moina, viroboto maji, vidudu vidogo vya majini, hao unawafuga mwenyewe kwenye simtanki lililokatwa na maji ya kijani, samadi ya kuku ndani ya kiroba uning'inize. Uzuri wa moina anaishi kwenye maji yasiyo na chumvi, asipoliwa sasa ataliwa baadaye, wakati artemia humo anadumu kama saa moja hivi halafu anakufa anaanza kuoza. Ndo maana artemia inatolewa kidogo kidogo, mara tano sita kwa siku, na moja ya hizo iwe usiku sana maana kambale anakula vizuri gizani. Anayelisha saa mbili asubuhi na saa kumi jioni kama anakwenda ofisini, vichanga wake wanashinda na njaa.

Moina wa kuchota kwenye dimbwi la nje chuja mara mbili. Mle ndani kuna watoto wa kereng'ende na wadudu wengine wanaokula vichanga, nimeshaona mdudu mmoja amekaa chini ya tanki anakamata mmoja baada ya mwingine kama anakula karanga.

Kuanzia siku ya tano ya kula unachanganya unga wa dukani wa chembe ndogo kabisa, milimita 0.2 hadi 0.3, unaanza na kidogo huku chakula hai kinaendelea, siku tatu nne hivi, kisha unapunguza hai. Ukihamisha kwa siku moja utawaona wale wenye vichwa vikubwa wanarudi.

"Artemia yenyewe haitoki"

Hapa mara nyingi kosa ni chumvi ya kukadiria kwa kiganja. Pima, gramu 25 hadi 30 kwa lita moja, mzani wa jikoni unatosha. Joto nyuzi 28, taa inawaka karibu, hewa inapuliza kwa nguvu kutoka chini kabisa mpaka mayai hayapati nafasi ya kutulia, ndo maana tunatumia chupa ya maji iliyokatwa kitako na kugeuzwa mdomo chini. Mayai gramu moja au mbili kwa lita yanatosha, ukijaza zaidi hayatoki mengi zaidi. Kama maji yenu ni laini, yaani yana madini kidogo, ongeza baikaboneti kidogo, ile soda ya kupikia sio hamira, maana yanataka pH, kile kipimo cha uchachu wa maji, ya 8 kwenda juu. Saa 24 vuna. Kama yote hayo umefanya na bado yanatoka robo tu basi kopo limeingia unyevu, mayai haya yanataka ukavu na baridi, kopo lililofunguliwa likakaa wazi juu ya kabati miezi mitatu limekwisha hilo.

Kuvuna nako kuna watu wanajiharibia. Zima hewa dakika kumi, weka taa chini, maganda yanapanda juu, waliotoka wanashuka kwenye mwanga na mayai ambayo hayajaanguliwa yanatulia chini kabisa, kwa hiyo unafungua mfuniko unamwaga tone la kwanza, unakusanya katikati, unaacha la mwisho. Maganda yakiingia kwenye tanki vichanga wanayameza na yanaziba matumbo. Suuza kwa maji safi kabla ya kulisha. Halafu usivune ukaweka mpaka jioni, artemia aliyetoka kwenye yai naye anaishi kwa kiini chake, kadiri anavyokaa bila kula anapungua thamani, unakuwa unalisha ngozi.

"Umeme ulikatika usiku kidogo tu, asubuhi wote weupe chini"

Hii inauma sana kwa sababu kila mtu anajua kambale hafi kwa kukosa hewa, si tunamuona anatembea kwenye matope, anakaa kwenye kiroba sokoni kutwa nzima bado anapumua? Huyo ni mkubwa. Kichanga hana hicho kiungo, mpaka wiki ya pili kwenda ya tatu anategemea oksijeni iliyoyeyuka kwenye maji tu, kwa ngozi na mashavu, kama samaki mwingine yeyote na pengine ni dhaifu zaidi maana mmewajaza mia kwa lita. Utajua wameshakuwa wakubwa ukiona wanapanda juu, wanagusa uso wa maji na kushuka, mmoja mmoja, kwa mpangilio. Wakipanda wote kwa pamoja na kukaa hukohuko midomo juu wakiwa na siku sita, hiyo ni kukosa hewa.

Betri ya pikipiki na pampu ndogo ya hewa inatosha kwa matangi machache, usisubiri mpaka upate jenereta. Na umeme ukikatika huna chochote, chukua kopo, chota maji mimina kutoka juu, chota mimina, bila kuchoka, na chakula simamisha. Mke wangu na mimi tumewahi kufanya hivyo kwa zamu kuanzia saa saba usiku mpaka kunakucha, mikono ilituuma siku mbili, ila tuliwauza wale.

"Wamekufa wote kwa mpigo, walikuwa wazima saa chache zilizopita"

Ugonjwa hauui namna hiyo. Tafuta kilichoingia kwenye maji au kwenye chumba.

Cha kwanza klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya bomba, umejaza maji ya bomba moja kwa moja. Yaache kwenye tanki la wazi huku yanapulizwa hewa saa 24 hadi 48 au tumia sodiamu thiosalfeti kama una haraka. Cha pili joto, maji ya kisima ya asubuhi yamemwagwa kwenye tanki la nyuzi 29, tofauti ya nyuzi tatu nne kwa ghafla inatosha kuwavuruga, ingiza polepole.

Cha tatu ndo ambacho watu hawakiwazii: chandarua. Chandarua kile chenye dawa kinaua mbu kwa dawa ambayo kwa samaki na kwa viroboto maji ni sumu kali, sasa wewe umekikata umetengeneza chujio. Mimi nilichujia moina, nikashangaa moina wenyewe wanazama kwenye ndoo kabla sijafika nao kwenye tanki, nikasema labda joto, nikawamwaga hivyohivyo. Nilijifunza kwa tanki zima. Nunua shela ya fundi cherehani, nyeupe, ioshe bila sabuni. Na dawa za mbu za kopo pia hapana: kijana wangu wa zamu aliona mbu wamezidi akapuliza chumbani, kumbe pampu ya hewa iko ukutani inavuta hewa ya chumba hichohicho na kuisukuma ndani ya maji kupitia kila jiwe, matangi matatu yalinyamaza kabla ya asubuhi. Siku hizi pampu yangu inavuta hewa ya nje na tunalala na mbu.

Kama hawafi wote ila wanaelea juu tumbo juu wana mapovu chini ya ngozi au tumboni, maji ya kisima yamebanwa hewa nyingi kwenye pampu. Yapitishe kwenye bomba lenye matundu yadondoke kama mvua kwanza.

"Matumbo yamevimba halafu yanapasuka"

Siku ya tano mpaka ya nane hivi wakiwa wamechangamka na wewe umefurahi wanakula vizuri. Hapo wamelishwa kupita kiasi, wamekula wingi kwa mara moja na bakteria wameshika kazi tumboni. Waliopasuka hawarudi. Kwa waliobaki ruka mlo mmoja au miwili, vuta uchafu wote chini, badilisha theluthi ya maji kwa maji ya joto lilelile, ukirudi kulisha igawe ile posho iwe nusu kila mlo na milo iongezeke. Antibayotiki za kuku msiweke kwenye maji jamani, zinaua na bakteria wazuri wa kwenye chujio lako la maji wanaoondoa amonia, kesho unakuwa na amonia juu ya tatizo ulilokuwa nalo.

"Wanapungua ila sioni maiti"

Karibu kwenye wiki ya pili. Wanakulana. Mwanzoni mdomo haujatosha kummeza mwenzake mzima kwa hiyo anamkamata mkia, anameza mpaka kwenye kichwa, kichwa anakiacha, ukivuta uchafu chini utaona vichwa vitupu, na ukibahatika utamuona mmoja anaogelea na mkia wa mwenzake umetokeza mdomoni kama sigara. Baadaye wakubwa wanameza wote, hamna ushahidi tena.

Ukiacha njaa, chanzo ni kwamba hawalingani. Ukishaona watatu wanne wamekuwa mara mbili ya wenzao, chambua siku hiyo usingoje Jumamosi. Mimi nina mabeseni ya plastiki niliyotoboa kwa msumari wa moto, moja matundu ya milimita 3, lingine 5, unaliweka linaelea ndani ya tanki unawamimina humo, wadogo wanapenya wenyewe wakubwa wanabaki, hamna kushikashika. Rudia kila siku tatu nne. Giza, na mlo wa usiku, vinapunguza pia.

"Wanajikuna kwenye kuta, wana utando wa kijivu"

Huu sasa ndo ugonjwa, vimelea vya kwenye ngozi na mashavu, na kwa kawaida unawaona wakishapita wiki ya pili kwenye tanki lililojaa na maji machafu. Anza na kusafisha na chumvi gramu 2 kwa lita. Isipotosha kuna fomalini, mililita 25 kwa lita 1,000, hewa ikipuliza kwa nguvu kwa sababu fomalini inakula oksijeni, na chupa ikiwa imeweka unga mweupe chini usiitumie kabisa. Hapo afadhali umuite afisa uvuvi aje na darubini, au kama uko karibu na vituo vya ufugaji samaki kama Kingolwira Morogoro, Sagana Kenya au Kajjansi Uganda, peleka sampuli wakiwa hai, maiti ya tangu jana haionyeshi kitu.

"Niliwapeleka bwawani wazima, baada ya mwezi nimevua wachache"

Bwawa ulilijaza lini? Likikaa na maji wiki mbili kabla ya kupandikiza, kereng'ende wameshataga na vyura wameshahamia, unakuwa umewapelekea wenyeji chakula. Lianike likauke, jaza maji siku tatu mpaka tano kabla, chuja mlango wa maji na zungushia mabati au nailoni nzito kimo cha goti. Mwaka juzi nilijaza bwawa mapema nikijiona mjanja, nikapandikiza vifaranga elfu tatu, siku ya kuvua nilitoa viluwiluwi na vyura ndoo mbili na kambale mia na kumi na saba.